Mvua ya Kona ya Mwisho

Jumapili, 28 Aprili

Nimeangushwa. Watu wanasema nimeanguka, na mimi nataka neno hili liandikwe sawasawa ili mwezi ujao nisije nikajidanganya. Ulikuwa mzunguko wa mwisho wa mbio za pikipiki, kona ya mwisho, ile inayopinda nyuma ya vyoo vya uwanja. Nilikuwa mbele. Mpinzani wangu Jumardi akajipenyeza upande wa ndani mahali ambapo hata kuku hapenyi, goti lake likagonga mkono wangu wa breki, nami nikaenda kujilaza kwenye matairi chakavu. Yeye akamaliza wa kwanza.

Hilo peke yake ningelimeza. Mbio ni mbio. Kilichonikwama kooni ni kipaza sauti. Mtangazaji alimuuliza Jumardi, pale jukwaani, ana neno gani la kuniambia mimi, Beddu. Jumardi akacheka, akasema: "Kaka Beddu ni muuza mayai. Amezoea kwenda taratibu yasivunjike. Mwambieni arudi kwenye mayai yake."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mke wangu Rahmatia alikuwepo. Baba mkwe alikuwepo, na ndiyo mara yake ya kwanza kuja kunitazama. Mimi nilikuwa nimekaa chini natolewa changarawe kwenye kiwiko.

Sisi tunaoshindana daraja letu ni watu tuliopita miaka thelathini, kila mtu na kazi yake. Hakuna anayetulipa. Jumamosi tunavua pikipiki zetu taa na mabati, Jumapili tunakimbia, Jumatatu tunarudi kazini. Lakini jina ni jina, na kwetu sisi watu wa Bugis mtu anaweza kuishi bila mengi, bila jina hawezi. Jumardi nitamwonyesha cha mtema kuni.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua. Nimepeleka mayai mjini Pare. Wenye maduka watatu wameniuliza kama nimeendesha taratibu.

Alhamisi, 2 Mei

Mustari amefungua injini yangu na kuitandaza juu ya gunia. Mustari ndiye fundi wangu, tena ni ndugu yangu, mtoto wa Indo Saba (sisi mama humwita indo), dada mkubwa wa marehemu mama yangu. Tulilelewa nyumba moja, tukalala mkeka mmoja.

"Kaka, hii imefika mwisho wake," akasema. "Ya Jumardi imetengenezewa Makassar. Mjomba wake anauza mbolea wilaya tatu. Sisi tunauza nini?"

"Mayai."

"Basi umejijibu."

Nikamuuliza kama hakuna njia kabisa. Akajipangusa mikono, akafikiri. Akasema kwenye lami kavu Jumardi atanipita kama kigingi cha mbuzi. Kwenye maji ni habari nyingine. Jumardi mvua ikianza huegesha pikipiki na kupanda gari la mjomba. Hajui tairi la nyuma linavyoongea likianza kuponyoka.

"Wewe unajua," akasema Mustari. "Miaka kumi na tano unabeba mayai kwenye mvua."

Tangu mchana huo sina ninachokiomba zaidi ya mvua. Mbio za pili ni Jumapili ya tarehe mbili Juni, na Juni kwetu haijawahi kuwa kavu.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua kubwa. Nimetoka nayo makusudi. Trei za mayai zimejaa nyuma, lami imekuwa kioo, na kila kona nimeipiga nikimwona Jumardi mbele yangu. Hakuna yai hata moja lililovunjika. Rahmatia amenitazama nikiingia nimelowa chapachapa na ninatabasamu.

"Umeokota nini huko?"

"Bado. Niko njiani kuokota."

"Beddu, mtu alisema neno moja, yeye amekwishalisahau. Wewe umelilea mpaka limeota meno."

Nikaanza kushusha trei. Baba yake hajanitembelea tangu siku ile.

Jumanne, 14 Mei

Habari mbaya, tena imetoka nyumbani kwetu. Kamati ya mbio imemwita Indo Saba azuie mvua.

Ningepaswa kulitegemea. Harusi yoyote ya maana, sherehe yoyote ya wilaya, watu humtafuta yeye. Atakaa kibandani kwake tangu Ijumaa mpaka zawadi zitolewe, mbele yake vijiti vimechomekwa ardhini, kila kijiti na vitunguu na pilipili nyekundu nchani. Siku zote hizo haogi, haoshi hata uso. Maji yakimgusa, kazi yote imeharibika. Vijana hutania kwamba wanaweza kumtafuta kwa pua, naye huwaambia wakae upande wa upepo.

Nilimpelekea mayai. Nikazunguka weee, mwishowe nikasema.

"Indo, siku ile ya Jumapili. Mbio za wadogo ziwe kavu, na za mchana ziwe kavu. Zetu sisi tu, saa kumi, ukiachia kidogo..."

Akazima sigara yake ya karafuu. "Kidogo kiasi gani?"

"Ya kulowesha lami."

"Unataka nifungue mvua kama bomba, nijaze kikombe, nifunge?"

"Indo, umeona walivyonifanya."

"Nimesikia. Nilipoambiwa sikula siku mbili. Lakini wale watu wameniita kwa jina langu, Beddu, na hilo jina nimelijenga tangu mume wangu hajafa. Siliuzi kwa sababu yako, siliuzi kwa sababu ya Mustari. Shindana na Jumardi kwenye ukavu. Akikushinda, ameshinda."

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira naye. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki, lakini leo nilimwona kama mtu wa upande wa Jumardi.

Jumapili, 19 Mei

Kuku kumi na wawili wamekufa kwa baridi. Mvua haina subira.

Ijumaa, 31 Mei

Tumepiga hema uwanjani. Harufu ya petroli na ya bata wa pilipili, majenereta, watoto wanakimbizana na tairi. Indo Saba ameketi kibandani kwake nyuma ya jukwaa, kuta za kitambaa pande zote, khanga ya kahawia imemfunika mabega. Asubuhi mawingu yalikuwa meusi tii juu ya vilima vya mashariki. Mchana yamebaki palepale, hayasogei. Watu wa kamati wanapita wakimsalimia kwa kuinamisha vichwa.

Jumamosi, 1 Juni

Mazoezi. Lami kavu. Jumardi amenipita kwenye njia iliyonyooka mara tatu, na mara zote tatu hakugeuza hata shingo.

Jioni alikuja hemani kwetu, mrefu, suti yake nyeusi ameifungua mpaka kiunoni, mkononi ana pakiti ya sigara.

"Kaka Beddu. Kiwiko kimepona?"

"Kimepona."

"Yale ya kwenye kipaza sauti... mtu akipanda pale juu ulimi unakuwa wa mtu mwingine. Tusiyaweke moyoni."

"Ulimi ulikuwa wa nani?"

Akacheka, akaniwekea sigara juu ya sanduku la vifaa. "Basi kesho nipite, tuwe sawa. Lakini uangalie mayai."

Mustari naye alicheka. Nilimtazama mpaka akanyamaza. Labda mtu mwingine angesema Jumardi alikuja kuomba radhi. Mimi nilisikia mayai tu. Kanitukana mbele ya watu elfu, aje kuniomba radhi mbele ya jenereta? Na hata hiyo radhi imebeba mayai ndani yake. Aliye juu mngoje chini.

Jumapili, 2 Juni

Naandika yote, kwa mpangilio wake.

Kulipokucha mawingu yalikuwa yamesogea lakini yamesimama nje ya uwanja, kama wageni wasiokaribishwa. Mbio za wadogo zilipita kavu. Mbio za mchana zilipita kavu. Mtangazaji alimsifu Indo Saba kwenye kipaza sauti na watu wakapiga makofi. Nilihesabu kichwani: zamu yetu ikifika, lami itakuwa kavu, Jumardi atanipita, atapanda jukwaani, na ataulizwa tena ana neno gani.

Nikamwambia Mustari afunge tairi za mvua.

"Kaka, na jua hili? Zitayeyuka kabla ya mzunguko wa tano."

"Funga tu."

Alipoinama kufunga, nikachukua ndoo aliyooshea mnyororo. Ilikuwa imejaa nusu, maji meusi yenye mafuta ya taa. Nikapita nyuma ya jukwaa. Kila mtu pale anamwaga maji machafu, hakuna anayemtazama mtu mwenye ndoo. Nikafika nyuma ya kibanda cha Indo Saba, nikaona kivuli cha kichwa chake kwenye kitambaa, na nikayarusha maji juu ya ukuta.

Sikumsikia akipiga kelele. Kisha akaita: "Beddu! Mustari! Wanangu, njooni!"

Aliita jina langu kwanza. Nikaitupa ndoo, nikaenda kuvaa helmeti yangu.

Wengine watasema Juni ni Juni, mvua ingekuja tu. Mimi najua nilichokiona. Tulianza kwenye ukavu, na Jumardi akanitoka. Tairi zangu zilikuwa laini kama uji, nikashuka mpaka nafasi ya saba. Mzunguko wa nne tone la kwanza likagonga kioo cha helmeti. Mzunguko wa tano mvua ikashuka yote. Mbele yangu watu walianza kutembea badala ya kukimbia, miguu nje kama bata. Mimi nikawa nyumbani. Nikampita mmoja, wawili, watano. Jumardi nilimwona mzunguko wa mwisho, mgongo umekakamaa, anaendesha kama mtu aliyebeba mtungi kichwani.

Nilikuwa nimepanga kumgonga kwenye kona ileile. Goti nilikwishalitoa. Hakunipa nafasi. Aligusa breki ya mbele mapema, pikipiki ikamponyoka, akateleza peke yake mpaka kwenye matairi. Nilimpita akiwa bado anazunguka. Nilipiga kelele ndani ya helmeti. Ilikuwa tamu. Nikisema haikuwa tamu nitakuwa mwongo.

Nikapanda jukwaani. Mvua ilikuwa inapiga turubai na watu wamelowa, wana hasira, mbio mbili za mwisho zimefutwa. Mtangazaji akaanza: "Na mzuia mvua wetu yuko wapi? Indo, leo umefunga mlango ukasahau dirisha?" Kicheko. "Au umeamua kuoga?" Kicheko zaidi. Indo Saba alikuwa ametoka kibandani, amelowa toka kabla ya mvua, khanga imejaa mafuta meusi, anajaribu kuwaeleza watu wa kamati. Hakuna aliyemsikiliza. Vikombe vya plastiki vikaanza kurushwa.

Ndipo mtangazaji akanigeukia. "Bingwa, kaka Beddu, unamshukuru nani?"

Nilimtafuta Jumardi kwa macho. Nilimwona pale chini, mkono umefungwa na kitambaa. Nikajitayarishia ulimi wangu, nikamlenga yeye.

"Naishukuru mvua," nikasema.

Uwanja ukavunjika mbavu. Jumardi hakunitazama hata kidogo. Indo Saba ndiye aliyenitazama.

Rahmatia ameniambia yaliyofuata, maana mimi nilikuwa nashikana mikono na watu. Anasema Jumardi alivua koti lake kwa mkono mmoja, akamfunika Indo, akampitisha katikati ya umati, na kila aliyerusha kikombe alimtaja kwa jina na kumwambia amsalimie mama yake mzazi. Nimemuuliza Rahmatia kwa nini ananieleza. Amesema, "Ili ujue."

Jumatatu, 3 Juni

Baba mkwe amekuja kunipongeza. Amekula, amesifu. Sahani yangu nimewamwagia kuku.

Jumatano, 5 Juni

Ukoo ulikutana nyumbani kwa Indo Saba. Yeye mwenyewe alibaki chumbani, hajatoka tangu Jumapili. Kwenye soko la asubuhi vijana wanaimba kuhusu mlango na dirisha. Jina la miaka arobaini limekwisha kwa alasiri moja.

Mustari alisimama. Alikuwa amevaa sarongi, na kiunoni, chini ya kitambaa, niliona mpini wa badik, kisu cha kiunoni cha marehemu baba yake. Kwetu mama akiaibishwa, mtoto wake wa kiume ndiye huulizwa amefanya nini.

"Mama hakushindwa kazi," akasema. "Mama alimwagiwa maji. Muuza kahawa alimwona mtu kwa nyuma, amevaa suti nyeusi ya mbio, anatoka na ndoo."

"Jumardi anavaa nyeusi," akasema mjomba mmoja.

Mimi pia navaa nyeusi. Hakuna aliyelitaja hilo.

"Alimwaibisha Beddu Aprili," mwingine akasema, "sasa kaja kwa mama. Na lile koti lilikuwa la kujisafishia jina."

Mtu mwenye akili angeuliza Jumardi alihitaji mvua ya nini. Lakini mle ndani hakukuwa na mtu aliyekuja kutumia akili. Mustari akanigeukia.

"Kaka, wewe ndiye unayemjua. Ni yeye?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na pumzi ya kutosha. Lakini nilimwona Jumardi pale juu ya jukwaa, nikasikia uwanja unacheka, nikaona kwamba kisasi changu, ambacho Jumapili kilimkosa, sasa kimekuja chenyewe mpaka mlangoni.

"Labda," nikasema.

Neno lenyewe ndilo hilo. Mustari akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa alichokuwa anakisubiri.

Alhamisi, 6 Juni

Sikulala. Asubuhi Rahmatia akaniambia Mustari amepita barabarani kwa miguu, amenyoa ndevu, amevaa kofia nyeusi kama mtu anayekwenda msibani. Nikatoka hata bila kufunga banda la kuku.

Jumardi ana duka la simu karibu na soko. Nilipofika Mustari alikuwa ndani tayari, mkono wa kulia chini ya sarongi. Jumardi alikuwa nyuma ya kabati la kioo, mkono wa kushoto umefungwa shingoni, anatabasamu tabasamu la mwenye duka.

"Karibu, fundi. Indo anaendeleaje? Koti abaki nalo tu."

"Njoo huku mbele," Mustari akasema.

Jumardi akamtazama usoni, kisha mkono. Tabasamu likaisha. Akazunguka kabati akaja mbele. Hakukimbia, hakuita mtu. Nilimchukia mpaka dakika hiyo, na dakika hiyo nilitamani akimbie.

"Mustari, ni mimi," nikasema.

Hakugeuka. "Kaka, rudi nyumbani. Hili ni langu."

"Ni mimi niliyemwaga maji."

"Usimtetee."

"Simtetei. Nilikuomba tairi za mvua, jua likiwa linawaka. Uliniuliza, nikakwambia funga tu. Ulipoinama nikachukua ndoo uliyooshea mnyororo. Khanga ya mama ilinuka nini ulipomvua?"

Hapo akageuka. Niliona akirudi nyuma kichwani siku moja moja mpaka Jumapili. Nilingoja badik. Nafikiri niliitaka. Mkono wake ukatoka chini ya sarongi ukiwa mtupu.

Akamgeukia Jumardi, akainamisha kichwa. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilipotoshwa."

Kisha akapita karibu nami. Tangu ajifunze kusema ananiita kaka. "Bwana," akasema, "naomba njia."

Nikampisha. Jumardi akabaki ananitazama, na nilitaka aseme jambo, hata lile la mayai. Akarudi nyuma ya kabati lake, akaanza kumhudumia mama mmoja aliyekuja kununua chaja.

Ijumaa, 7 Juni

Mustari ametuma mtu achukue vifaa vyake.

Jumamosi, 15 Juni

Watu wote wanajua. Baba mkwe amerudia ya zamani, haji tena kwetu. Nilikwenda kwa mtangazaji nikamwomba aseme kwenye kipaza sauti mbio zijazo kwamba Indo Saba hakushindwa. Amesema kwamba atasema, lakini watu wameshapenda ule wimbo.

Mvua inaelekea kwisha. Hasira ninayo bado, nzima, na sina wa kumpelekea.

Jumapili, 23 Juni

Leo Indo Saba amekubali kuniona. Rahmatia alinisindikiza mpaka kwenye ngazi, akabaki chini.

Alikuwa ameketi karibu na dirisha. Amekonda. Nilimbusu mkono, hakuuondoa na hakuukaza. Nikasema niliyokwenda kusema, ambayo nilikuwa nimeyapanga njia nzima, na yalipotoka yalikuwa machache. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ulitaka kumwaibisha nani?" akauliza.

"Jumardi."

"Aliaibika?"

Nikafikiria alivyopita katikati ya watu na koti lake. "Hapana, Indo."

"Nani aliaibika?"

"Wewe."

Akaitikia kwa kichwa. Nje mtoto alikuwa anaita bata. Nikamwambia anifanye anavyotaka. Aniite mbele ya ukoo, anifukuze, amtume Mustari, nitasimama palepale. Nilisema namaanisha, na nilikuwa namaanisha.

"Mustari aliniuliza hilohilo," akasema. "Kila mtu humu anataka nilipize. Wewe ulipopata aibu ulikuwa na Jumardi, ukapata pa kuipeleka. Mimi niipeleke wapi, Beddu? Dada yangu aliniachia mtoto mmoja tu."